Sura ya Sita: Jezi Zimetoka kwa Mgombea

Vitabu vingi vya malezi vinavyotufikia vimeandikwa na watu wanaoishi mahali penye makocha wengi. Ushauri wao ni mwepesi: hukubaliani na anayemfundisha mwanao, mhamishe. Ukiwa Dar es Salaam hilo linawezekana, kwa kuwa mtaa wa pili kuna kituo kingine cha soka, kwaya nyingine na madrasa nyingine. Kijijini ni tofauti. Masanze, kwa mfano, ni kata ya wilaya ya Kilosa, kati ya mji wa Kilosa na Mikumi, na katika vijiji vya namna hiyo mpira wa watoto una kocha mmoja. Mara nyingi ni mwalimu wa shule ya msingi, au kijana aliyewahi kuchezea timu ya kata, na kazi yake haiishii hapo. Asubuhi anafundisha hesabu, jioni ana filimbi mdomoni, Jumapili anaimbisha kwaya, na kwenye kikao cha harusi ya binti yako ndiye katibu. Ukimkosea mmoja umewakosea wanne. Na mtu huyohuyo ana kadi ya chama, ambacho huenda si chako.

Kilosa si wilaya ya watu wasiojua kutofautiana. Jimbo la Mikumi, lililo ndani yake, mwaka 2015 lilimchagua Joseph Haule wa CHADEMA, ambaye nchi nzima inamjua kama Professor Jay. Mwaka 2020 likarudi CCM kwa Denis Londo. (Mtu aliyetamba na "Ndio Mzee", wimbo unaomsuta mwanasiasa wa ahadi hewa, ndiye huyo huyo aliyekuja kupanda jukwaani kuomba kura. Wapiga kura nao wana utani wao.) Kwa hiyo katika nyumba nyingi za huko yupo aliyeshangilia 2015 na yupo aliyeshangilia 2020, na wanakula chungu kimoja. Watu wazima kwa watu wazima tumeshajifunza kuishi hivyo. Ugumu unaanza pale mmoja wetu anapokabidhiwa watoto wa wenzake saa kumi jioni.

Chukulia hali ambayo kila aliyewahi kuishi kijijini msimu wa uchaguzi ataitambua. Kampeni bado, lakini watia nia wameshaanza kuzunguka. Mmoja anafika uwanjani na gari, anashusha mipira miwili na mfuko wa jezi. Mgongoni kuna namba. Kifuani kuna jina lake, pengine na picha. Timu ilikuwa inacheza nusu na mashati ya shule, nusu tumbo wazi. Jumamosi kocha anagawa. Mwanao wa miaka 12 anapata namba 9, anakuja nayo nyumbani mbio, na usiku analala nayo. Wewe ni wa upande wa pili.

Hapo wazazi hugawanyika. Yupo atakayemvua mtoto jezi na kumwambia airudishe, mtoto alie mpaka asubuhi bila kuelewa amekosa nini. Yupo atakayekwenda uwanjani kumfokea kocha mbele ya watoto na wapita njia, na kesho kijiwe kizima kina habari. Wapo akina mama wenye mikono ya sindano wanaoigeuza jezi ndani nje na kushona namba upya upande wa pili, jina la mtia nia likabaki kifuani upande wa ngozi, herufi zimegeuka, zinasomeka kwa shida. Mimi hawa wa mwisho nawapenda, ingawa dawa yao haifiki kwenye ugonjwa. Na yupo mzazi wa nne, anayesubiri mazoezi yaishe, watoto watawanyike, ndipo amwendee kocha akikusanya koni. Mazungumzo yao huenda hivi:

"Habari za jioni, kocha."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimeona jezi. Watoto wamependeza."

"Tunashukuru, mzee. Angalau sasa tunafanana na timu."

"Kweli kabisa. Sasa kocha, mimi unanijua niko wapi."

"Nakujua, mzee." Anacheka.

"Na wewe nakujua uliko, na sina neno. Ombi langu ni moja. Hawa watoto wasipelekwe kwenye mkutano wa hadhara na hizo jezi. Wachezee hapa, basi."

"Ila aliyezileta ameomba timu iende siku ya uzinduzi, imshukuru."

"Nenda wewe na wakubwa mkamshukuru. Shukrani ni haki yake. Wa kwangu ana miaka kumi na miwili."

"Haya, nitaangalia."

"Usiangalie, kocha. Niambie."

"Sawa, mzee. Watoto hawaendi."

Mzee huyu hakujifanya hana chama, wala hakutaka kocha aache chake. Hakuzikataa jezi, maana anajua timu ilikuwa tumbo wazi. Ameomba jambo moja ambalo kocha analiweza, na amempa njia ya kutoka, kwa sababu kocha naye amebanwa: aliyeleta jezi anasubiri malipo, na malipo ya kisiasa ni watu kuonekana. Jibu la "nitaangalia" ni la heshima katika lugha yetu, na kwa kawaida halina kitu ndani yake. Mzee amelijua hilo na hakuondoka nalo. Kama wewe kwa umri au kwa jinsia huwezi kumwambia kocha "usiangalie", mtafute mtani wake. Mtani atamwambia hayohayo mbele ya watu, wacheke wote, na neno litakuwa limefika.

Wazee wetu wengi wakisikia habari hii wanashangaa tatizo liko wapi, na mshangao wao una historia. Wao walikulia ndani ya chama kimoja, ambapo chama na shule havikuwa na ukuta kati yao. Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa na matawi mashuleni. Siasa lilikuwa somo la darasani, kama jiografia. Chipukizi walifunzwa gwaride, na halaiki ya watoto waliopangwa uwanjani kuunda maandishi na maumbo ilikuwa fahari ya sherehe za kitaifa na za chama vilevile. Balozi wa nyumba kumi alikuwa kiongozi wa chama na ndiye aliyeamua ugomvi wa mipaka ya mashamba. CCM ilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977, hata wazazi walikuwa na jumuiya yao ndani ya chama, ambayo ipo hadi leo na inamiliki shule. Mtu aliyelelewa hivyo akiwa kocha na akawapeleka watoto kwenye mkutano wa chama, moyoni mwake anaweza kuwa hajafanya siasa hata kidogo. Anaona amewapeleka kwenye shughuli.

Sheria ndiyo iliyobadilika, haraka kuliko mazoea. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi, na kuanzia tarehe 1 Julai 1992 ndivyo ikawa. Matawi ya chama yakaondoka makazini. Somo la siasa likapisha uraia. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka huohuo inataka mwanachama awe ametimiza miaka 18, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya umri huo ni mtoto. Mwalimu, kama mtumishi wa umma, hakunyimwa haki ya kuwa na chama. Kanuni za maadili ya utumishi zinamzuia kufanya siasa saa za kazi na mahali pa kazi, na kumpendelea au kumnyima mtu huduma kwa sababu ya chama chake. Kwa maneno ya uwanjani: mwalimu anaweza kupeperusha bendera juu ya paa la nyumba yake mwenyewe, ila si juu ya goli la shule.

Nayataja haya si ili mzazi aende kwa kocha na vifungu vya sheria mkononi. Ukianza na vifungu umeshamwambia kuwa wewe ni adui. Nayataja ili ujue unasimama wapi, kisha uongee kama jirani.

Baada ya hapo inabidi kupunguza orodha ya manung'uniko, maana wazazi wengine wakishaanza hawana breki. Kocha amekuja mazoezini amevaa kofia ya chama kwa sababu jua kali na ndiyo kofia aliyonayo: acha. Watoto wanaimba wimbo wa kampeni wakikimbia kuzunguka uwanja: watoto huimba chochote chenye mdundo, wiki ijayo wataimba tangazo la sabuni. Mtoto amevaa kijani na njano: uliza kwanza, huenda ni Yanga tu. Kocha ameposti picha za mgombea wake kwenye ukurasa wake: ni ukurasa wake. Mwenge wa Uhuru unapita na shule imeambiwa ipange watoto barabarani: hapo watu tunatofautiana kwa haki, kwa kuwa kwa wengine ni alama ya taifa tangu ulipowashwa Kilimanjaro Desemba 1961, na wapo wapinzani waliotaka upelekwe makumbusho. Mimi naona mtoto kusimama barabarani na wenzake akaona moto ukipita hakumwingizi chama chochote. Mchango wa lazima ni habari nyingine, na wa kuulizwa ni mwalimu mkuu, si mtoto.

Skauti ndio mfano mgumu kuliko wote. Mlezi wa Chama cha Skauti Tanzania ni Rais wa nchi, na Rais wetu kwa desturi ndiye mwenyekiti wa chama tawala. Skauti wanaapa utii kwa Mungu na kwa nchi, na utaratibu wao duniani kote ni kwamba sare haivaliwi kwenye shughuli za chama cha siasa. Kwa hiyo skauti akipiga saluti kwa Rais kwenye sherehe ya Muungano, yuko kazini kwake. Akipangwa kwa sare ileile kupokea wageni wa mkutano wa chama, hayuko. Rais aweza kuwa mtu mmoja katika hafla zote mbili, na kiongozi wa skauti anayezitenganisha mbele ya watoto anafundisha uraia kuliko kitabu.

Kinachobaki baada ya kuacha hayo yote ni machache na hayana mjadala: mtoto kupelekwa mkutanoni bila wazazi kuulizwa, mtoto kuulizwa nyumbani kwao wanampigia nani kura, mtoto kutolewa kwenye kikosi kwa sababu ya baba yake.

Hilo la mwisho ndilo linalouma. Mtoto alikuwa anacheza namba 9 kila wiki, baba akaonekana jukwaani na viongozi wa upande wa pili, na tangu Jumamosi hiyo mtoto anakaa benchi. Huwezi kuthibitisha. Kocha atakuambia kiwango kimeshuka, na pengine kweli kimeshuka. Usimwambie mtoto unachoshuku. Muulize kocha mtoto aongeze bidii wapi, kisha mpe majuma ya kufanya hivyo. Asipopangwa hata baada ya hapo, na wenzake wakiwa wanaona anastahili, peleka jambo kwenye kamati ya shule, ambamo wazazi wenzako wamo, wakiwemo wa chama cha kocha. Afisa elimu kata afuate baadaye, sio kwanza. Ukiruka kamati umemwaibisha kila mtu, na mtoto ndiye atakayesoma pale miaka iliyobaki.

Njia ya mahakama ipo pia, na nchi hii imeipita. Wanafunzi Mashahidi wa Yehova wa wilaya ya Mbozi, wakati huo ikiwa ndani ya mkoa wa Mbeya, waliadhibiwa na kuondolewa shuleni kwa kukataa kuimba wimbo wa Taifa. Kesi yao ilifika Mahakama ya Rufani, na Julai 2013 wakashinda. Ni ushindi mkubwa kwa dhamiri ya mtoto, lakini ulichukua miaka, na utoto una miaka michache. Ndiyo maana nasisitiza maongezi ya pembeni ya koni.

Na kama kocha mwenyewe ndiye mgombea? Katika uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa tarehe 27 Novemba 2024, kijana mwenye filimbi anaweza kabisa kuomba uenyekiti wa kitongoji, maana vijana wa kufahamika kijijini ni hao hao. Mwombe amkabidhi mwingine timu kwa majuma ya kampeni. Akiwa na akili atakubali hata kabla hujamaliza, kwa kuwa akishindwa hatataka isemwe alitumia watoto, na akishinda hatataka isemwe zaidi.

Tukitaka kujua jambo hili likiachwa linafika wapi, tunayo Pemba. Baada ya uchaguzi wa urais wa Zanzibar wa 1995, ambapo Salmin Amour wa CCM alitangazwa kumshinda Seif Sharif Hamad wa CUF kwa kura chache mno, watu wa kijiji kimoja walifika mahali pa kutonunua dukani kwa wa chama kingine, kutohudhuria harusi, kutozikana, na kutosali nyuma ya imamu mmoja. Muafaka ulitiwa saini mwaka 1999 na mwingine 2001 baada ya damu kumwagika, na mpaka maridhiano ya Seif na Rais Amani Karume mwishoni mwa 2009 na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 walisema ndiyo kwa serikali ya umoja wa kitaifa, ilikuwa imepita miaka 15. Aliyeingia darasa la kwanza mwaka 1995 alikuwa mtu mzima. Fikiria alikulia katika nini: ustadhi wa upande ule hafundishi watoto wa upande huu, na mpira unachezwa na wale ambao mama zao wananunua duka moja. Viongozi waliposhikana mikono walimaliza la serikali. La jirani lilibaki kwa majirani.

Baada ya Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, ulioambatana na maandamano, vifo, amri ya kutotoka nje usiku jijini Dar es Salaam na kuzimwa kwa intaneti, watoto waliuliza maswali ambayo watu wazima wengi hatukuwa na hamu ya kuyajibu. Walipotukosa sisi walimuuliza yeyote aliyekuwa karibu, na jioni aliye karibu ni kocha. Usimlaumu kwa kujibu kama hukujibu wewe. Afadhali umwambie, "Wakikuuliza, waambie waje watuulize nyumbani," halafu nyumbani pawe na mtu wa kuulizwa.

Nyumbani ndiko siasa nyingi za uwanjani zinakotoka, tena kwa kinywa cha mtoto. Baba ameketi na shemeji yake jioni, wanamjadili kocha: huyo naye kibaraka tu, ananunuliwa kwa soda. Mtoto yuko pale anamenya miwa, anaonekana hasikii. Keshokutwa amekosa penalti, kocha amemkaripia kama anavyomkaripia kila mtu, na mtoto anamjibu: "Baba amesema wewe kibaraka." Hapo kocha afanye nini? Akimwadhibu, amemwonea kwa chama. Akinyamaza, timu nzima imeona. Mzazi wa namna hii akienda kwenye kamati kulalamika kwamba kocha anachanganya siasa na mpira, kamati ina haki ya kukohoa.

Mtoto aruhusiwe kujua kwamba baba na kocha wana vyama tofauti. Si siri, na kuificha kunaifanya ionekane aibu. Mwambie wazi: kocha anaamini hivi, mimi naamini vile, na akikuambia urudi nyuma kukaba, rudi ukakabe.

Nirudi kwenye ule mfuko wa jezi, maana ndipo pengine pote panapoanzia. Mtia nia hakuingia uwanjani kwa nguvu. Aliingia kwa sababu timu haikuwa na jezi na hakuna mwingine aliyeleta. Kocha amekwishapitisha daftari la michango kwa wazazi, na wazazi tukasema mwezi huu mgumu. Amepeleka barua ofisi ya kijiji, ikakaa. Aliyeitikia ndiye anayeomba kura. Kumlaumu kocha kwa hilo bila kugusa mfuko wako ni kutaka aendelee kuwafundisha watoto wako tumbo wazi kwa heshima ya itikadi yako.

Na uwezo upo. Vijiji kadhaa vya Kilosa, vilipoanza kuvuna mkaa kwa mpango katika misitu yao wenyewe, vilitumia mapato kujenga madarasa na kugharimia mambo mengine ya kijiji, kwa maamuzi ya mkutano mkuu wa kijiji ambamo wanachama wa vyama vyote hunyoosha mikono. Kijiji kilichomudu darasa hakishindwi na mipira miwili. Na pasipo na mkaa kuna ufuta: ukiuzwa, Juni na Julai, kila nyumba yenye mchezaji ikatoa kidogo, jezi 16 zinapatikana kabla msimu wa kampeni haujachanganya. Ziandikwe jina la kijiji. Mtia nia akija baadaye na mfuko wake, kocha atakuwa na la kumjibu: jezi tunazo, mheshimiwa, tunashukuru sana, ila magoli hayana nyavu, na nyavu haziandikwi jina.